Shule za Bukini na Lugha ya Mtoto



Juma lililopita mzee mmoja, jirani yangu, aliniita barazani kwake. Mjukuu wake alikuwa amekaa mkekani, ameshika kitabu cha shule cha Kiingereza, anakisoma kwa sauti kubwa, neno baada ya neno, bila kusita. Mzee akamwuliza, "Mjukuu wangu, hayo maneno maana yake nini?" Kijana akajibu kwa adabu, "Sijui, babu. Mwalimu hajatueleza bado." Basi mzee akanigeukia, akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie, huku ni kusoma au ni kuimba?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa. Nikamwahidi kwamba nitamletea jibu refu, na jibu lenyewe ndilo mazungumzo yangu ya jioni hii. Najua yu karibu na redio yake, ananisikiliza. Walakini sitazungumza habari za shule zetu wenyewe. Nataka tuzitazame shule za jirani zetu, maana wao wamelijaribu jambo hili la lugha ya shule kwa miaka zaidi ya mia mbili, wakaligeuza huku na huku, na gharama yake wameilipa.

Jirani hao ni watu wa Bukini. Ndivyo wazee wetu wa pwani walivyokiita kisiwa kile kikubwa ambacho katika ramani huandikwa Madagaska. Ukitoka pwani ya Msumbiji ukavuka bahari kuelekea mashariki, penye wembamba wake ni mwendo wa kilomita mia nne hivi, unafika. Neno kisiwa lisiwadanganye mkafikiri ni mahali kama Unguja au Pemba. Bukini ni nchi ya kilomita za mraba 587,000, yaani inaizidi Kenya kidogo, na watu waliohesabiwa huko mwaka wa 2018 walipita milioni ishirini na tano.

Watu wake huitwa Wamalagasi, na lugha yao ni Kimalagasi. Asili yake ni ya mbali sana. Ililetwa na mabaharia waliotoka visiwa vya mashariki, huko Indonesia, na lugha iliyo ndugu yake wa karibu mpaka leo husemwa katika kisiwa cha Borneo. Lakini wageni hao hawakukaa peke yao. Walichanganyika na watu wa bara letu, na ushahidi umo kinywani mwao. Ng'ombe wao humwita omby, kuku humwita akoho, mbwa ni amboa, na kanga, yule ndege wa porini, ni akanga. Tena herufi ya o katika maandishi yao husomwa kama u yetu, basi akoho hutamkwa akuhu. Mtu wa Lamu au wa Ngazija akisikia hayo atajua kwamba yuko kwa jamaa.

Jambo la kushangaza ni kwamba kisiwa kizima, pamoja na ukubwa wake wote, kina lugha moja. Si kama kwetu, ambako mtu husafiri siku mbili akakuta watu asioelewa hata salamu yao. Ni kweli kwamba mtu wa Antananarivo, mji mkuu ulio juu milimani penye baridi na mashamba ya mpunga, husema kwa namna moja, na mtu wa Toliara, kule kusini kwenye nchi kavu ya miiba, husema kwa namna nyingine, na tofauti hiyo si ndogo. Nawaomba mwikumbuke, kwa kuwa baadaye ilileta fitina. Hata hivyo mzizi ni mmoja. Mtu angedhani kwamba nchi ya namna hii isingepata taabu yoyote kuchagua lugha ya shule. Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Hapo kale waliojua kuandika walikuwa wachache, watu wa kabila la Antaimoro wakaao pwani ya kusini mashariki. Hao waliandika Kimalagasi kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili, na maandishi hayo huitwa sorabe, maana yake maandishi makubwa. Ilikuwa elimu ya siri, ya waganga na wapiga ramli, iliyorithiwa kwa baba. Lakini mfalme wa milimani, Andrianampoinimerina, aliposikia sifa zake aliwaita Waantaimoro mjini kwake wafundishe watoto wa jumba lake, na mwanawe Radama akajifunza herufi hizo.

Radama alitawala tangu 1810 hata 1828. Alikuwa kijana mwenye haraka, mpenda majeshi na mambo mapya, naye alitambua upesi kwamba mfalme asiye na waandishi hawezi kuitawala nchi kubwa. Mwaka wa 1818 wamisionari wawili wa nchi ya Wales, David Jones na Thomas Bevan, walishuka katika bandari ya Tamatave, ambayo siku hizi huitwa Toamasina, kisha wakawaleta wake zao na watoto wao. Homa ya pwani ikawashika. Kwa muda mfupi Bevan akafa, na mkewe, na mtoto wao. Mke wa Jones akafa, na mtoto wake pia. Jones akabaki peke yake, mgonjwa, akarudishwa Mauritius. Mtu mwingine angepanda chombo akarudi kwao. Yeye alipopata nafuu alirudi Bukini, akapanda milima mpaka Antananarivo, na tarehe 8 Desemba 1820 akafungua shule mbele ya mfalme. Wanafunzi walikuwa watatu.

Shule hiyo ilifundisha kwa lugha gani? Hapo ndipo penye jambo. Jones na mwenziwe David Griffiths, aliyefika mwaka uliofuata, wangaliweza kufundisha Kiingereza tu, wakasema kwamba lugha ya watu wale haijulikani na haina vitabu. Hawakufanya hivyo. Walikaa kujifunza Kimalagasi na kukitafutia njia ya kukiandika kwa herufi za Kirumi. Wakashindana. Palikuwapo pia Mfaransa mmoja, askari wa zamani aitwaye Robin, aliyemfundisha mfalme kusoma, naye alitaka desturi ya Kifaransa ifuatwe. Mfalme akawasikiliza wote, na mwaka wa 1823 akakata shauri mwenyewe: konsonanti ziandikwe kama wafanyavyo Waingereza, irabu kama wafanyavyo Wafaransa. Amri ikatoka, na maneno yakaisha. Sisi kwa Kiswahili tulingoja hata 1930 ndipo palipoundwa Kamati ya Lugha ya nchi zetu za Afrika ya Mashariki ili tuandike kwa namna moja. Wenzetu walitutangulia kwa miaka mia na saba, na aliyeamua ni mfalme wao.

Mwaka wa 1826 ukafika mtambo wa kupiga chapa. Yule fundi aliyekuja nao akafa kabla hajapiga chapa hata ukurasa mmoja, na wenzake wakahangaika nao mpaka ukatengenea. Agano Jipya likatoka mwaka wa 1830, na Biblia nzima mwaka wa 1835. Mpaka leo maneno ya darasani huko yanaonyesha alama za siku zile: kitabu ni boky, kalamu ni penina, kibao cha kuandikia ni solaitra, yote kutoka kwa Waingereza. Lakini karatasi ni taratasy, nadhani hamhitaji kuelezwa. Neno hilo lilikuja kwao na kwetu kwa njia moja, ya Waarabu. Na meza ni latabatra, kwa Kifaransa. Mtu akitaka kujua historia ya shule za Bukini aanze na vitu vilivyo juu ya meza ya mwalimu.

Msidhani lakini kwamba wazazi walifurahi. Wengi waliwaficha watoto wao. Walinong'onezana kwamba anayeandikwa jina lake shuleni atapelekwa mbali asirudi. Nao hawakukosea sana! Radama alitaka makarani na makamanda, basi vijana waliokwisha kujua kuandika walitiwa katika jeshi, wakaenda vitani, na wengine hawakurudi. Shule ilikuwa mlango, na mlango ule ulielekea kambini.

Radama akafa mwaka wa 1828, akatawala mkewe, Malkia Ranavalona wa Kwanza. Mwaka wa 1835 alipiga marufuku dini ya Kikristo, wamisionari wakaondoka, na waumini wengi wakauawa. Lakini malkia hakuipiga marufuku kalamu. Makarani wake waliendelea kuandika barua za Serikali kwa herufi zile zile alizoziamuru mumewe. Basi alipokufa mwaka wa 1861, na wamisionari wakarudi, walikuta watu wanaojua kusoma, ambao wengine walifundishana kwa siri kutoka kwa vitabu vilivyofukiwa ardhini.

Tangu hapo shule zikaenea kwa kasi. Mwaka wa 1881 Serikali ya malkia wa pili wa jina lile ilitoa Sheria ya vifungu 305, na ndani yake watoto walilazimishwa kwenda shuleni. Tafakarini tarehe hiyo. Nchi nyingi za Ulaya zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza kulazimisha jambo hilo, na hapa ni dola ya Kiafrika, yenye waziri wake mkuu na makarani wake, inaagiza hivyo kwa lugha yake yenyewe. Kabla miaka ya 1890 haijafika katikati, majina zaidi ya laki moja ya watoto yalikuwa katika daftari za shule, wengi wao katika nchi ya milimani. Nasema majina, maana walioandikwa na waliokaa darasani si hesabu moja. Tena daftari lile lile la shule lilitumiwa kuwatafuta vijana wa jeshi na wa fanompoana, kazi ya lazima isiyo na mshahara, na kwa sababu hiyo wazazi wa shamba waliendelea kuiogopa shule kama walivyoiogopa baba zao.

Mwaka wa 1895 jeshi la Wafaransa likauteka Antananarivo, na mwaka wa 1896 kisiwa kikafanywa koloni. Gavana wao, Jenerali Gallieni, aliamuru kwamba Kifaransa kiwe ndio msingi wa mafundisho. Akafungua shule ya juu iliyoitwa Le Myre de Vilers, ya kutoa waalimu na makarani, na shule ya uganga ya kutoa madaktari wa kienyeji. Haya yalikuwa mambo ya faida, sitayakana. Lakini shule zikawa namna mbili: za watoto wa Kizungu, zenye mafundisho ya Ufaransa yenyewe, na za wenyeji, ambazo kazi yake ilikuwa kutoa mafundi na wakulima wanaojua kuhesabu, na wachache wa kukaa ofisini. Kisha akaja gavana mwingine, Augagneur, asiyependa misioni hata kidogo. Mwaka wa 1906 alikataza kufundisha shule ndani ya nyumba za ibada. Sasa, katika vijiji vingi nyumba ya ibada ndiyo iliyokuwa shule. Hapakuwa na nyumba nyingine. Basi kwa amri moja watoto maelfu wakarudi kuchunga ng'ombe. Walikuwa wamepokonywa darasa kwa ugomvi wa watu wa Ulaya ambao hata hawakuujua.

Katika ile shule ya uganga ndimo mlimozaliwa jambo lingine. Mwaka wa 1913 wanafunzi na waalimu vijana waliunda chama cha siri, Vy Vato Sakelika, yaani chuma, jiwe na matawi. Walitaka watu wa Bukini waendelee bila kupoteza vyao. Mchungaji mmoja, Ravelojaona, aliandika katika gazeti mwaka huo huo makala juu ya Wajapani, jinsi walivyojifunza elimu ya Ulaya wakabaki Wajapani. Serikali iliwakamata mwishoni mwa 1915, wakahukumiwa vifungo vikali, hata wakasamehewa mwaka wa 1921. Kosa lao kubwa, kwa kadiri nionavyo, lilikuwa ni kuuliza kwa nini mtu aliyeelimika ahesabiwe kuwa ameacha kuwa Mmalagasi.

Nchi ikapata uhuru tarehe 26 Juni 1960. Rais wa kwanza, Philibert Tsiranana, alikuwa mwalimu. Utotoni alichunga ng'ombe wa baba yake, akaingia shule akiwa amekwisha kuwa kijana, akafika Le Myre de Vilers. Mtu kama huyo angaliijua taabu ya mtoto wa mchungaji kuliko wote. Lakini mikataba iliyofanywa na Ufaransa iliyaacha mambo ya shule karibu yalivyokuwa. Katika shule za sekondari mafundisho yalikuwa ya Kifaransa, mitihani ya Kifaransa, na waalimu wengi walitoka Ufaransa. Mwanafunzi wa Antananarivo aliijua mito ya Ufaransa kuliko mto upitao chini ya kilima chake.

Mwanzo wa 1972 wanafunzi wa shule ya uganga ya Befelatanana, mjini Antananarivo, waligoma. Cheti chao kilihesabiwa cha daraja ya pili, nao walichoka kuwa madaktari nusu. Mgomo ukaenea kwa wanafunzi wa sekondari, kisha kwa vijana wasio na kazi, na madai yakawa makubwa: shule iwe ya Kimalagasi, kwa lugha na kwa mambo yafundishwayo. Usiku wa tarehe 12 Mei Serikali iliwakamata wanafunzi mia nne hivi, ikawapeleka Nosy Lava, kisiwa cha gereza. Asubuhi yake mji mzima ulishuka barabarani kuwadai watoto wao. Askari wakapiga risasi, wakafa watu kadiri ya arobaini. Siku chache baadaye, tarehe 18 Mei, Rais Tsiranana akamkabidhi utawala Jenerali Ramanantsoa. Uwanja ule sasa huitwa kwa jina la tarehe ile, 13 Mei. Sijui nchi nyingine nyingi ambazo serikali yake iliangushwa na swali la mzee jirani yangu.

Mtasema, basi hapo mambo yakawa mema. Ngojeni kidogo. Kabla mwaka wa 1972 haujaisha palitokea ghasia katika bandari ya Toamasina, na waliofanya ghasia walikuwa wakipinga lugha mpya ya shule! Kwa nini? Kumbukeni ile tofauti ya usemi niliyowaomba mwikumbuke. Kimalagasi kilichoandikwa vitabuni tangu zamani za Radama ni cha Wamerina, watu wa milimani, ndio waliokuwa na wafalme, waandishi na wapiga chapa. Watu wa pwani wakasema, "Kifaransa ni kigeni kwetu sote, basi sote tu sawa mbele yake. Mkitwambia tusome Kimalagasi chenu, ninyi mtakuwa mbele siku zote." Sikubaliani nao kwa kila neno, lakini siwezi kusema kwamba hawakuwa na hoja. Mtu wa bara asemaye Kiswahili cha shuleni, akichekwa na mtoto wa Mvita, ataonja kidogo tu ya uchungu huo.

Mwaka wa 1975 akashika utawala Didier Ratsiraka, naye ni mtu wa pwani ya mashariki. Mwaka wa 1978 ikatungwa sheria ya kueneza shule na kuifanya ya Kimalagasi. Lugha yenyewe ilitajwa kwa jina jipya, malagasy iombonana, lugha ya wote, ambayo ingechota maneno kila upande wa kisiwa. Vijiji vilijenga madarasa kwa mikono ya watu wao, na vituo vya Chuo Kikuu vikafunguliwa mikoani. Watoto ambao baba zao hawakuwahi kuona kalamu wakaingia darasani kwa maelfu.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu hii ndiyo wenye pande zote mbili hupenda kuiruka. Mafundisho ya Kimalagasi yalishindwa, na wako wanaosema kwamba yalishindwa kwa sababu lugha ile haiwezi kubeba elimu. Lugha iliyochapishwa Biblia nzima mwaka wa 1835 haiwezi kubeba hesabu za darasa la sita? Tazameni mambo yenyewe. Vitabu havikuwapo, nchi iliingia katika umaskini na madeni katika miaka ya 1980, hata karatasi ikaadimika. Waalimu waliletwa haraka, wengine vijana waliomaliza sekondari wakitumikia taifa, wakapelekwa vijijini bila kufundishwa kufundisha. Ile lugha ya wote ilikuwa jina kabla haijawa lugha. Mwalimu hakujua aitafute wapi. Lakini kosa lililo kubwa kuliko yote ni hili: shule ilikuwa ya Kimalagasi mpaka mwisho wa daraja ya kwanza ya sekondari, na kutoka hapo, kuelekea mtihani mkubwa na Chuo Kikuu, ilikuwa Kifaransa. Mtoto alipandishwa ngazi yenye vidato imara mpaka katikati, na juu yake vidato vimeondolewa.

Waliokuwa na fedha walijua. Waliwapeleka watoto wao katika shule za watu binafsi ambako Kifaransa hakikuachwa hata siku moja, na baadhi yao walikuwa ndio wakubwa walioisifu sheria mpya mikutanoni. Watoto wao wakapanda, na watoto wa wakulima wakasimama katikati ya ngazi. Basi wazazi wa kawaida wakakata shauri kwamba Kimalagasi shuleni ni hila ya kuwafungia nje, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kifaransa kiliporudishwa, wengi wao walikipokea kwa shukrani. Mimi siwalaumu. Mzazi haulizi lugha ipi ni tamu kwa mtoto. Huuliza ipi itampatia kazi, na kwa ofisi za Antananarivo jibu lilikuwa wazi.

Kurudi kwenyewe hakukuwa kwepesi, maana waalimu waliotakiwa kufundisha kwa Kifaransa walikuwa wamesomeshwa kwa Kimalagasi. Mwaka wa 2008 ilitungwa sheria nyingine, ya kwamba miaka mitano ya kwanza ifundishwe kwa Kimalagasi, tena taratibu, kwa vitabu vipya. Mwaka uliofuata siasa ikavunjika, Rais akaondolewa, nchi nyingi zilizokuwa zikisaidia zikazuia fedha zao, na sheria ile ikalala ofisini.

Sasa twende darasani. Kwa desturi iliyotulia baada ya hapo, mtoto huanza kwa Kimalagasi miaka miwili, na mwaka wa tatu hesabu na mengineyo hugeuzwa kuwa kwa Kifaransa. Baada ya miaka mitano kuna mtihani uitwao CEPE, na wengi huacha shule kabla hawajaufikia. Mwalimu huandika ubaoni sentensi ya Kifaransa, huisoma, watoto huitika kwa pamoja. Kisha hutazama mlangoni kama hakuna mkaguzi, akaieleza kwa Kimalagasi. Ndivyo watoto wanavyojifunza kidogo wanachojifunza. Kwenye karatasi ya mtihani mwalimu hawezi kuwafuata.

Na mwalimu mwenyewe ni nani? Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya waalimu wa shule za msingi za Serikali hawakuwa watumishi wa Serikali. Waliajiriwa na wazazi wa kijiji, kupitia chama cha wazazi wa wanafunzi kiitwacho FRAM. Serikali ilitoa bakshishi kidogo kwa baadhi yao, kwa kuchelewa, na mwingine hakuipata kabisa. Wazazi huchanga fedha, na wasio na fedha huleta mchele. Miezi ya njaa kabla ya mavuno, mchele wa mwalimu hupungua, naye hushika jembe. Tena kila mwaka tufani hutoka bahari ya mashariki. Ile ya Februari 2022 iitwayo Batsirai iliyopiga mji wa Mananjary ilibomoa mapaa ya shule nyingi, na wazazi wale wale waliokuwa wakilipa mwalimu wakaanza tena kutafuta miti ya kuezekea.

Basi mzee wangu, uliniuliza kama yule mtoto anasoma au anaimba. Anaimba, mzee, umesikia sawasawa. Lakini ukienda Bukini ukawakuta wazazi wamekaa chini ya mti wakihesabu vibaba vya mchele wa mwalimu, ukawauliza wangependa watoto wao wafundishwe kwa lugha gani, wengi watakwambia Kifaransa. Nao wanajua vyema kwamba mtoto hakielewi. Wamekwisha kuona mara moja lugha yao ikiletwa shuleni, na milango ya juu ikabaki imefungwa kwa ufunguo ule ule wa zamani. Watu wa 1972 waliomba shule, ofisi, mahakama na Chuo Kikuu vyote pamoja. Walipewa madarasa ya chini peke yake.

Saa yangu imekwisha. Nitapita barazani kesho jioni, mzee, na kile kitabu tukisome pamoja na kijana, ukurasa mmoja tu, mpaka atueleze maana yake. Kwa herini.